Kudai fidia siyo kumshitaki bosi

Wiki iliyopita nimeyasikia tena. Kijana wa miaka ishirini na kitu kaingia na gongo moja la kutembelea, mfuko wa rambo mkononi. Kaniamkia, kisha kakaa ncha ya benchi kama mtu aliyekuja kuomba. Sijamuuliza hata jina, akaniwahi: "Mama, mimi sijaja kumshitaki mtu."

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno tangu nianze kazi ya usaidizi wa kisheria hapa Mtwara. Safari hii nimeamua kuyaandikia, kwa sababu dhana iliyo ndani yake imewanyang'anya watu haki zao kuliko ukatili wa mwajiri yeyote ninayemfahamu.

Kijana huyu alikuwa kibarua wa kupanga na kupakia korosho ghalani, malipo kwa gunia. Gunia la korosho ghafi lina kama kilo 80, na yanapangwa kwenda juu mpaka karibu na bati. Katikati ya Novemba, mchana, lundo likateleza. Mwenzake akaruka, yeye mguu ukabaki chini. Paja likavunjika sehemu mbili. Akalazwa, akawekewa vyuma, akarudi kwa mama yake mdogo Mikindani, na sasa mguu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia. Nikatazama ndala zake. Ya kushoto fundi viatu kaiongezea vipande vitatu vya tairi, kimoja juu ya kingine, kavibana kwa gundi na misumari midogo ili kiuno kisiende upande anapotembea. Ndani ya rambo mlikuwa na picha za eksirei, kadi ya kliniki, na risiti za dawa zilizofifia wino mpaka nyingine hazisomeki.

Nikamuuliza kuhusu bosi wake. "Bosi mtu mwema sana, mama. Alilipa hospitali. Alileta mchele, sukari na laki tatu taslimu. Tumeshamalizana."

Tumeshamalizana. Laiti neno hili ningeweza kulifuta kwenye vinywa vya watu walioumia kazini. Linakotoka napajua, nimelelewa huku huku. Mtu akikuuguza, akaja kukujulia hali, akaacha kitu chini ya mto, huyo amekufanyia utu, na aliyekufanyia utu humburuzi kwenye sheria. Ni adabu nzuri. Lakini imewekwa mahali pasipo pake, kwa sababu fidia ya kuumia kazini haitoki mfukoni mwa bosi.

Tangu Julai 2015, Tanzania Bara tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Kila mwajiri anatakiwa kujisajili na kuuchangia kila mwezi. Mwanzoni waajiri wa sekta binafsi walichangia asilimia 1 ya mishahara wanayolipa, sasa ni asilimia 0.5. Kwa mfanyakazi wa laki tatu, hiyo ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Zinatoka kwa mwajiri peke yake, na mfanyakazi haruhusiwi kukatwa hata senti kwa ajili yake. Siku umeumia, anayekulipa ni Mfuko. Ukijaza fomu humnyang'anyi bosi chochote. Unachukua kilichokwisha kulipiwa kwa jina lako.

Mchele na laki tatu ni wema, Mungu amlipe aliyetoa. Wema huo haulipi fidia. Tuhesabu pamoja. Usipoweza kufanya kazi kwa muda, Mfuko unalipa asilimia 70 ya mapato yako, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Aliyekuwa akipata laki tatu anastahili 210,000 kwa mwezi. Miezi kumi ni milioni mbili na laki moja, na hapo hatujagusa matibabu, mazoezi ya viungo, wala fidia ya ulemavu wa kudumu itakayofuata. Ulemavu ukikadiriwa kuwa asilimia 30 au chini, unalipwa kwa mkupuo. Ukizidi 30, unalipwa pensheni ya kila mwezi. Aliyeumia kiasi cha kuhitaji mtu wa kumwogesha na kumgeuza kitandani ana malipo ya msaidizi. Akifariki, wategemezi wake wana mafao yao. Weka yote hayo upande mmoja, mchele na laki tatu upande wa pili.

"Lakini nilisaini karatasi ya kumalizana kwa mwenyekiti wa mtaa." Najua, ninazo nakala za karatasi kama hizo kabati zima. Mfuko haukuwepo kwenye kikao hicho na haukusaini chochote. Haki uliyopewa na sheria ya nchi haifi kwa karatasi ya daftari yenye mihuri miwili. Wenyeviti wa mitaa na vijiji nawaheshimu, wanazuia ugomvi mwingi. Ninawaomba jambo moja: mtu aliyeumia kazini akiletwa mbele yenu, swali la kwanza liwe "taarifa imepelekwa Mfuko?" Kupatana mtapatana baadaye.

Bosi mwema naye anapata hasara. Anatoa mfukoni gharama za hospitali ambazo tayari alikuwa akizilipia kila mwezi bila kujijua. Wengine wananyamaza kwa kuogopa wakaguzi, wengine kwa kuwa hawakujisajili. Kutojisajili ni kosa lake yeye, na halifuti haki ya aliyeumia. Mimi ninamwambia kila mteja: nenda kwa bosi wako kwa heshima zote, mwambie, "Mzee, nakushukuru kwa uliyonifanyia, sasa naomba unisaidie kupeleka taarifa." Hapo hakuna shitaka. Akigoma, afisa kazi wa mkoa yupo, Mtwara na Lindi kote.

Ya pili kwa kuniumiza ni "acha kwanza nipone." Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku 7 tangu aijue. Taarifa isipofika ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, haki inapotea. Kijana wa korosho alikuja mwezi wa kumi na moja tangu aumie, nikashukuru. Kabla yake alikuja mzee mmoja kutoka Lindi aliyevunjika bega kwenye mashamba ya chumvi. Alifika mwezi wa kumi na tisa. Miezi mitano ya mwanzo alikuwa kwa mganga wa mifupa, amefungwa vijiti na majani, na kwa miezi hiyo yote hakuna hata karatasi moja yenye jina lake. Mganga simsemi vibaya, na familia nyingi haziwezi kuambiwa zimwache. Ila faili la hospitali lifunguliwe siku ile ile ya ajali, na liendelee kuandikwa hata kama unakwenda kwingine. Daktari wa miaka miwili mbele hawezi kuthibitisha ajali ambayo hakuna aliyeiandika. Na risiti za karatasi laini zipigwe picha kwa simu mapema, wino wake hauvumilii joto letu.

"Mimi kibarua tu, sina mkataba." Sheria inaangalia kama ulikuwa unamfanyia mtu kazi kwa malipo. Makubaliano ya mdomo ni mkataba. Kulipwa kwa siku, kwa gunia au kwa tripu hakukuondoi kwenye ufanyakazi. Kazi ipo kwenye ushahidi, na huku kwetu ushahidi una miguu. Msimu wa korosho ukiisha, kundi la vibarua linatawanyika: huyu karudi Newala, yule kaingia baharini Kilwa, mwingine kabadilisha laini ya simu. Kwa hiyo ukiwa bado kitandani, mwambie mwenzako aandike majina na namba za wote waliokuwepo, na jina la karani aliyeshika daftari la kuhesabu magunia. Tunza meseji za malipo. Daftari la karani limewahi kuniokoa kesi kuliko mikataba mingi iliyopigwa chapa.

"Kosa lilikuwa langu." Ulisahau kuvaa buti, ulipanda juu bila kamba? Mfuko haulipi kwa kutafuta nani mkosefu. Kujiumiza kwa makusudi ni jambo jingine, lakini uzembe wa kawaida wa binadamu aliyechoka saa tisa mchana hauondoi fidia. Usijihukumu mwenyewe kabla faili halijafunguliwa.

Asilimia za ulemavu hazitolewi kwa huruma. Wapo wanaomwomba daktari awaandikie mia. Tathmini hufuata mwongozo, tena hufanywa jeraha likishafika mwisho wa kupona kwake. Mwache daktari apime, wewe mweleze kila unachoshindwa: kuchuchumaa, kupanda ngazi, kulala ubavu huo. Watu wetu wanajikaza mbele ya daktari, wanasema "sijambo" kwa adabu, na hiyo "sijambo" inaandikwa.

NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, na Mfuko wa Fidia ni vitu viwili. NSSF ina pensheni ya ulemavu hata kwa aliyeumia nje ya kazi, mradi jopo la madaktari lithibitishe amepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wake, na michango yake itimie: miezi 180, au angalau 36 ambayo 12 kati yake ni ya karibu kabisa kabla ya ulemavu. Ukiwa mwanachama, uliza kote kuwili.

Kisha kuna bodaboda, na hapa dhana zimechanganyika vibaya. Dereva wa pikipiki yake mwenyewe hana mwajiri, kwa hiyo fidia ya kazini haimhusu. Lakini ajali ya barabarani ina mlango wake. Kila chombo cha moto kinatakiwa kuwa na bima ya lazima, ile tunayoita bima ndogo, na bima hiyo ipo kwa ajili ya mtu mwingine aliyeumizwa na chombo hicho: mtembea kwa miguu, abiria, dereva wa chombo kingine. Dereva aliyeanguka peke yake halipwi na bima ndogo ya pikipiki yake. Hilo ni chungu, lakini ndivyo ilivyo. Uliyegongwa, mambo matatu yasikupite: PF3, yaani fomu ya matibabu kutoka polisi, picha ya namba ya usajili ya chombo, na jina la kampuni ya bima. Mahakamani una miaka 3 tangu siku ya ajali. Nimewaona waliogongwa barabara ya Masasi wakapewa elfu hamsini na mwenye gari, wakamwacha aende bila hata kuiandika namba. Kama ni gari la kampuni na wewe ulikuwa ndani kikazi, ni ajali ya kazini pia, useme hivyo mapema.

Mkulima aliyeanguka kwenye mnazi wake, mvuvi mwenye ngalawa yake, hao WCF haiwahusu. Ninachowaambia ni kujiunga NSSF kama waliojiajiri wakiwa bado wazima, kwa sababu baada ya kuanguka hakuna anayerudisha siku nyuma. Na wanaodhani serikali inampa kila mwenye ulemavu posho ya mwezi, hakuna posho ya namna hiyo. Kuna asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi vya watu wenye ulemavu, na kuna TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, kwa kaya zilizotambuliwa kuwa maskini. Mkopo unarudishwa, watu wasiuchukue kama fidia.

Vishoka: kudai hakulipiwi. Anayekuambia anamjua mtu, na anataka theluthi ya pesa zako au "ya kusogeza faili", mfukuze. Mtu mwenye miezi sita tu tangu apate ulemavu ni rahisi kuibiwa kuliko mtu yeyote.

Yule kijana tulimpigia bosi wake simu pale pale, nikaongea mimi. Kesho yake akaja mwenyewe, na daftari la malipo ya vibarua kwapani. Alikuwa amejisajili. Michango alikuwa akilipa miaka yote, mhasibu wake anaijaza pamoja na kodi nyingine, na yeye hakuwahi kuuliza ni ya nini. Akaniuliza mara mbili kama kweli hatadaiwa chochote. Nikamjibu mara mbili. Karani wake tukampata Kilwa, akakubali kuandika alichokiona. Taarifa imetumwa Alhamisi. Ilikuwa imebaki mwezi mmoja na siku chache.