Kibati cha bawaba si mlango wa kuingizia risasi

Wiki hii nimeletewa tena bunduki nzima kabisa, .375 H&H yenye kibati cha bawaba chini (kifuniko cha chuma chini ya kasha la risasi, kinachofunguka kama mlango), mwenyewe akitaka nimbadilishie ili ichukue magazini ya kuchomoa, yaani kasha la risasi linalotoka na kurudishwa. Sababu yake ni ileile. "Fundi, mbogo akinigeukia sitakuwa na muda wa kuchomeka risasi moja moja. Nataka nitoe magazini, nipachike nyingine, niendelee." Nimelisikia hili Sakina, nimelisikia Njiro, mitaa ya Arusha, nimepigiwa simu nikaulizwa na watu waliokwisha kufika porini Simanjiro. Msimu ukikaribia, linarudi. Leo naliandika lote.

Kwanza kasi. Mbogo hukimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa, yaani kama mita 14 kila sekunde. Akichomoka kichakani mita 30 mbele yako una sekunde mbili. Ndani ya sekunde mbili mtu aliyefundishwa vizuri anapiga risasi moja, akijaliwa mbili, na zote ni zile zilizokwishakuwa ndani ya bunduki. Magazini ya pili iliyoko kiunoni haipo kabisa kwenye hesabu hiyo. Kinachokuokoa ni risasi ya pili kupanda chemba (tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi ya kupigwa) bila kukwama, na mkono wako kuvuta bolti (chuma chenye mkono kinachosukuma risasi chembani) mpaka mwisho bila woga. Bunduki nyingi ninazoletewa kwa madai kwamba "haipandishi" hazina ugonjwa. Mwenyewe hakuirudisha bolti nyuma ya kutosha, ikaenda mbele bila kushika risasi.

Mwangalie mwindaji bingwa akishapiga. Anakoki hapohapo, yaani anavuta bolti na kuirudisha, bunduki bado iko begani. Mnyama akianguka au akiingia kwenye nyasi, mkono unakwenda mkandani, unarudi na risasi moja, anaisukuma kwa juu. Halafu nyingine. Macho hayatoki kwenye nyasi. Hasubiri bunduki iishe. Sasa mchukue yule mwenye magazini mbili. Amepiga moja, amekoki, magazini ina mbili zilizobaki. Je, aichomoe na kuzitupa zile mbili nzima? Akiichomoa anabaki na risasi moja chembani na tundu wazi chini, mbele ya mnyama aliyejeruhiwa. Hakuna mwindaji bingwa ninayemfahamu anayefanya hivyo, hata wale wenye bunduki za magazini ya kuchomoa.

Kwa hiyo naomba lieleweke: kibati cha bawaba hakijawahi kuwa mlango wa kuingizia risasi. Ni mlango wa kutolea. Risasi huingia kwa juu, bolti ikiwa wazi, jana na leo. Anayelinganisha kibati na magazini ya kuchomoa kwa kasi ya kujaza analinganisha vitu vinavyofanya kazi tofauti.

Hata jeshi lilijua hili. Lee-Enfield, ile .303 ambayo wazee wengi wa hapa waliibeba, ina magazini ya risasi kumi inayochomoka. Lakini askari alijaza kwa juu, kwa klipu za risasi tano tano, na magazini yake ilikaa palepale. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na kiungo cha mnyororo kinachoifunga magazini kwenye bunduki isipotee. Ilichomoka kwa ajili ya usafi na matengenezo. Na Mauser ya mwaka 1898 ya kijeshi haikuwa hata na bawaba: unabonyeza komeo kwa ncha ya risasi, kibati kinatoka chote mkononi. Bawaba ililetwa kwenye bunduki za kuwindia, kwa sababu mwindaji huondoa risasi mara nyingi kuliko askari.

Sasa niende kwenye jambo linaloniudhi zaidi, kwa sababu karibu hakuna anayeliuliza: nani anayeishika risasi wakati inasubiri bolti?

Kwenye bunduki ya aina ya Mauser, na Winchester Model 70 ya mwaka 1936 iliyofuata njia hiyo, kingo zinazoizuia risasi isiruke juu zimechongwa ndani ya resiva yenyewe, ule mwili wa chuma unaobeba bolti. Ni chuma kinene kilichokwishapimwa na kusuguliwa, na hakipindi ukidondosha bunduki. Kasha la risasi lililo chini ni kuta tu, pamoja na springi na kibao cha kusukuma. Kwenye magazini nyingi za kuchomoa, kingo hizo ni midomo ya magazini: bati jembamba lililokunjwa, au plastiki. Mdomo mmoja ukipinda kidogo tu, risasi inapanda ikielekea pembeni, au inaachiwa mapema, au pua yake inagonga chini ya mlango wa chemba. Na magazini ndiyo kitu kinachodondoka kwenye sakafu ya Land Cruiser, kinachokaliwa, kinachowekwa mfukoni pamoja na funguo na vumbi la Longido. Umeutoa uti wa mgongo wa upandishaji kwenye chuma kinene, ukauweka kwenye kitu kinachoweza kusahaulika juu ya bampa.

Upana nao una hesabu yake. Risasi zinazopangwa kwa kupishana, kushoto kulia, zinatakiwa kugusana kama pembe tatu sawa. Hapo upana wa ndani wa kasha ni kipenyo cha kitako cha ganda mara 1.866. Kwa .375 H&H, ambayo ganda lake lina mkanda (pete ya chuma kitakoni) wenye kipenyo cha milimita 13.5, unapata kama milimita 25. Kwa .416 Rigby yenye kitako cha karibu milimita 15, unakaribia 28. Kasha likiwa jembamba mno risasi zinabanana ukutani, likiwa pana mno zinajipanga ovyo na springi haizisukumi sawasawa. Na kwa kuwa ganda linapungua kuelekea begani (pale linapobana ili kushika ncha), upana wa mbele si upana wa nyuma. Ndiyo maana nakataa ninapoombwa kuweka kasha la kaliba moja kwenye bunduki ya kaliba nyingine "kwa sababu linaingia". Kuingia si kupandisha. Ganda la .375, lililotoka mwaka 1912, ni refu na lina mteremko, kwa hiyo linasamehe makosa mengi. Maganda mafupi ya siku hizi yenye bega kali hayasamehi.

Haya, upande wa pili, maana haki itendeke. Sheria yetu inakataza kupiga mnyama ukiwa ndani ya gari, na mtu mwenye akili hapandi garini na risasi chembani. Siku ya kufuata nyayo unapanda na kushuka mara nyingi. Mwenye kasha lisilofunguka kabisa chini lazima azipitishe risasi zote kwa bolti, moja moja. Maganda yanachubuka, na ncha ya risasi iliyopandishwa na kutolewa mara kwa mara inaweza kusukumwa nyuma ndani ya ganda. Kibati kinaziangusha zote kiganjani. Magazini inatoka kwa mkupuo mmoja bila kumwaga kitu kwenye nyasi, na gizani hilo ni jambo kubwa. Njia zote mbili zinaacha ile ya chembani. Itoe, uiangalie kwa macho, uichungulie na chemba.

Kibati nacho kina aibu yake. Kwenye kaliba zenye teke kali, komeo likiwa dhaifu, kibati kinaweza kufunguka unapopiga na risasi zote zikamwagika miguuni. Wengi wetu tunapendelea komeo lenye springi ngumu. Lakini kuhusu mahali pa kuliweka, ndani ya kikinga triga au mbele yake, mafundi hatujawahi kukubaliana. La ndani halikwaruzwi na miiba, ila kidole chenye glavu kinaweza kulifikia. La mbele liko mbali na kidole, ila linagusana na kila kitu unapobeba bunduki mkononi. Mimi mwenyewe nayumba. Nikishika bunduki nzito nataka la ndani, nikishika nyepesi nabadili mawazo.

Na lazima nikiri kwamba hoja ya "magazini itadondoka" inazidi kupoteza nguvu. Sako 85 haiachii magazini mpaka uisukume juu huku ukibonyeza, na unaweza kuijaza kwa juu bila kuichomoa. Blaser R8 ina kifungo ndani ya magazini cha kuizuia isitoke kabisa, nayo inajazwa kwa juu pia. Kwa bunduki hizo siwezi kusimama nikasema kibati ni bora kwa kila hali. Kwa mtu wa .308 anayewinda swala, magazini ya kuchomoa inamfaa kabisa, ningemchagulia bila kusita. Ninachopinga ni kuikata bunduki nzima ya kaliba nzito ili kununua kasi ambayo haitatumika.

Ukiwa na magazini ya kuchomoa, ipime hivi. Ijaze mpaka mwisho, funga bolti, halafu ipachike. Nyingi zikijaa hazibani vizuri chini ya bolti iliyofungwa: unasikia mlio, unadhani imeshika, kumbe imening'inia, na risasi ya kwanza inaiangusha. Sukuma juu kwa nguvu, kisha ivute chini. Isipotoka, imeshika. Ikikataa kushika ikiwa imejaa, punguza risasi moja, na uishi na hesabu hiyo msimu mzima.

Ukiwa na kibati, pandisha risasi bandia kutoka iliyojaa mpaka iishe, taratibu, kisha kwa nguvu zote, bunduki ikiwa wima, kisha imelala ubavu. Halafu rudia na bandia zenye ncha ya aina ileile utakayobeba. Nasisitiza hili kwa wenye solidi (risasi za ncha ngumu isiyofunguka), kwa sababu ncha bapa hugonga mlango wa chemba pale ambapo ncha ya mviringo hupita bila shida.