Je, wajua kwa nini pikipiki hubadilika tabia ukiifungia mzigo wa safari?

Jana uliiendesha ikiwa tupu, ikakata kona kana kwamba inakusoma mawazo. Leo umeifungia masanduku mawili ubavuni, hema juu ya keria na dumu la maji nyuma kabisa. Ukifika kilomita 90 kwa saa mkia unaanza kuogelea: kushoto, kulia, kushoto, mara mbili tatu kwa sekunde. Usukani umekuwa mwepesi hadi unatia shaka. Giza likiingia, taa yako inamulika matawi ya miti na madereva wanaokuja wanakuwashia taa kwa hasira. Injini hujaigusa wala matairi hujayabadilisha. Kimetokea nini?

Swali hili huwapata zaidi wenye pikipiki za lami na vumbi, zile ndefu za kwenda juu zenye gurudumu la mbele la inchi 21: Suzuki DR650, Honda XR650L, Kawasaki KLR650 na jamaa zao. Ni mashine zilizoundwa kuruka mashimo zikiwa zimembeba mtu mmoja. Mwenye nayo akiota safari ya majuma kadhaa, kitu cha kwanza anachonunua ni masanduku. Nadhani hapo ndipo anapokosea, na hesabu yenyewe si ngumu.

Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma pana kama mita moja na nusu. Weka kilo 20 kwenye keria, sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma. Gurudumu la nyuma halitabeba kilo 20, litabeba 24. Hizo nne za ziada zimetoka mbele, kwa sababu mzigo uliopita ekseli hufanya kazi kama mtoto anayekalia ncha ya ubao wa bembea: akishuka yeye, upande wa pili unainuka. Kilo nne zinaonekana kidogo. Lakini zimetolewa kwenye gurudumu linaloelekeza pikipiki na linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki, na mkono wako unalijua hilo kabla ya akili.

Hesabu ya pili ni kali zaidi. Kitu chochote kina ukaidi wake wa kuzungushwa, na ukaidi huo haukui kwa uzito peke yake. Hukua kwa umbali uliozidishwa kwa umbali. Kilo tano za spana zikikaa mita moja kutoka kwenye kitovu cha uzito zina ukaidi mara nne ya zilivyokuwa zikikaa nusu mita. Pikipiki iliyo kwenye mwendo hujisahihisha yenyewe wakati wote: mkia ukienda kando kidogo, tairi linaurudisha. Ukiuning'iniza uzito mbali nyuma, mkia unachelewa kurudi, kisha unarudi kwa kishindo, unapita katikati na kwenda upande wa pili. Huko ndiko kuogelea. Kadiri kasi inavyopanda ndivyo nguvu ya kuutuliza mkia inavyopungua, na ndiyo maana kwa kilomita 60 hukuona kitu. (Ikikutokea, achia gesi taratibu na ulegeze mikono. Anayekaza usukani au kushika breki kwa ghafla huizidishia.)

Kwa hiyo wazoefu wa safari hufanya jambo ambalo mtu mgeni huliona kama ushamba: spana huzifungia chini mbele ya injini, ndani ya kopo lililoshikiliwa na bamba la kukinga injini, na tyubu ya akiba huifunga juu ya madigadi ya mbele au karibu na injini. Maji hukaa ubavuni, karibu na mapaja. Nyuma kabisa huenda vitu vikubwa visivyo na uzito, kama begi la kulalia na godoro la kupuliza. Mzigo ni uleule, kilo ni zilezile, na pikipiki inakuwa nyingine.

Sasa tuje kwenye springi, na hapa nitakaa kidogo.

Ukiwa umevaa mavazi yako yote ya safari na mzigo umefungwa, panda pikipiki uikalie. Shokapu ya nyuma inatakiwa ishuke kama theluthi moja ya mwendo wake wote. Ikiwa ina mwendo wa milimita 200, ishuke 60 hadi 65. Mtu mwingine apime kwa futi ya fundi kutoka kwenye ekseli hadi alama uliyoichora juu yake: kwanza gurudumu la nyuma likiwa hewani, kisha wewe ukiwa juu. Ni kazi ya dakika tano. Kwa springi za kiwandani, ambazo nyingi ni laini kwa ajili ya starehe ya mtu mwenye uzito wa wastani, kilo 40 za mzigo zinaweza kuishusha shokapu hadi karibu na nusu ya mwendo wake. Hapo ndipo taa inapoangalia miti. Shokapu za mbele nazo zinalala nyuma zaidi kuliko zilivyobuniwa, usukani unakuwa mzito kwenye kona na mwepesi kwenye mstari ulionyooka, na kila shimo linaigonga shokapu hadi mwisho kwa sababu nafasi ya kushuka imekwishaliwa na mzigo.

Wengi hujibu kwa kuikaza springi. Kukaza kunainua mkia, hilo ni kweli, na kwa mzigo mdogo kunatosha. Lakini hakuifanyi springi iwe ngumu zaidi. Springi inayohitaji nguvu ya nyutoni 60 ili ibonyee milimita moja itaendelea kuhitaji nyutoni 60, uikaze usiikaze. Umebadilisha urefu wa kuanzia tu. Mtu akikaza hadi mwisho na bado pikipiki imekaa chini, jibu ni kununua springi nyingine yenye namba kubwa zaidi ya ugumu. Na ukiongeza ugumu wa springi, kizuizi kilicho ndani ya shokapu, kile kinachopunguza kasi ya springi kurudi, lazima kiweze kuidhibiti, la sivyo mkia utakurusha kama punda.

Ukiniuliza pesa ya kwanza iende wapi, jibu ni springi za mbele na nyuma zinazolingana na uzito wako pamoja na mzigo. Hazipendezi kwenye picha, lakini zinaondoa nusu ya matatizo yaliyotajwa hapo juu.

Springi ikishabeba, mzigo unasubiri mfupa wa kuushikilia. Keria hufungwa kwenye fremu ndogo ya nyuma, ile inayobeba kiti, na fremu hiyo haikukusudiwa kuwa kitoroli. Barabara ya mawimbi huipiga maelfu ya mara kwa saa. Wenye KLR650 za zamani wanajua kuwa boliti mbili za juu za fremu hiyo hukatika chini ya mizigo, na marekebisho yaliyozoeleka ni kutoboa tundu lipite upande hadi upande na kuingiza boliti moja ndefu ya chuma kigumu. Kwa pikipiki yoyote ile, kagua boliti za keria kila jioni ya siku tatu za kwanza. Zitalegea. Gundi ya kushikilia nyuzi za boliti husaidia.

Masanduku ya alumini au mabegi laini? Sanduku linafungwa kwa kufuli, halivuji, na kambini ni meza na kiti. Lakini masanduku mawili pamoja na keria zake huweza kufika kilo 15 kabla hujaweka hata soksi. Halafu kuna mguu. Kwenye mchanga au matope, mwendeshaji huteremsha mguu ili asianguke; pikipiki ikiendelea kusonga, mguu hubaki nyuma na sanduku gumu huja juu yake. Mifupa ya chini ya goti imevunjika hivyo. Begi laini likija juu ya mguu linabonyea. Safari ikiwa ya lami tupu, chukua masanduku kwa moyo mweupe. Vumbi likizidi, mimi nachagua mabegi, na kati yake na ekzosi naweka kikinga joto, maana plastiki iliyoyeyuka juu ya nguo ni harufu usiyoisahau.

Kuna kilo ambazo naziunga mkono bila kusita, nazo ni za mafuta. Tangi la DR650 lilitoka kiwandani likibeba lita 13 hivi, na KLR650 lita 23. Yamaha XT600Z Ténéré ya mwaka 1983 ilikuja na lita 30. Ukitumia lita moja kwa kilomita 20, tofauti ya lita 10 ni kilomita 200. Petroli ina uzito wa robo tatu ya kilo kwa lita, hivyo lita 10 za ziada ni kilo saba na nusu. Zikikaa tangini ziko katikati ya pikipiki, karibu na kitovu cha uzito, na zinapungua kadiri unavyokwenda. Zikikaa kwenye dumu nyuma ya keria tunarudi kwenye ubao wa bembea. Adhabu ya tangi kubwa utaiona ukigeuza mahali pembamba likiwa limejaa, uzito ukiwa juu.

Matairi yana namba ambayo watu hawaisomi. Pembeni, baada ya ukubwa, kuna kipimo cha mzigo: 65 maana yake kilo 290, 69 ni kilo 325. Kipimo hicho kinahesabiwa tairi likiwa na upepo wake kamili. Lisilo na upepo wa kutosha hujikunja kila mzunguko, kujikunja huleta joto, na joto ndilo linaloua tairi lenye mzigo kwenye lami. Mchangani mambo yanageuka: unapunguza upepo makusudi ili tairi lirefushe wayo wake na lielee badala ya kuzama. Hivyo pampu ndogo si anasa, kwani utakachokitoa asubuhi utakirudisha mchana. Kwa wenye tyubu, habari njema: tyubu ya inchi 21 inaweza kuingia kwa dharura kwenye tairi la nyuma la inchi 18, kwa hiyo asiye na nafasi hubeba ya mbele peke yake.

Cheni irekebishe mzigo ukiwa umefungwa. Mkono wa fremu unaoshika gurudumu la nyuma ukishuka na kupanda, ulegevu wa cheni hubadilika, na cheni iliyo sawa pikipiki ikiwa tupu inaweza kukaza kama waya ukishaketi. Gia zikionekana ndefu mno kwa milima na mzigo, badilisha sproketi ya mbele: kutoka meno 15 hadi 14 unafupisha gia zote kwa karibu asilimia 7, kwa bei ndogo na saa moja ya kazi.

Umeme nitaupitia haraka. Pikipiki nyingi za silinda moja za aina hii huzalisha wati 200 na kidogo zaidi. Taa kubwa inachukua 55 au 60, injini yenyewe ina fungu lake, vipasha joto vya mikono karibu 35. Ukiongeza jaketi la umeme la wati 80 na taa mbili za ziada, betri inaanza kulipa deni kimyakimya hadi asubuhi moja pikipiki inapokataa kuwaka.

Mwaka 2003 Mwingereza Lois Pryce aliondoka Alaska kuelekea ncha ya kusini ya Argentina kwa Yamaha XT225, pikipiki yenye injini ndogo ya sisi (cc) 223. Alifika. Namtaja kila mara mtu anaponionyesha orodha ya vifaa yenye kurasa mbili.

Jaribio langu ni hili. Funga kila kitu kama siku ya safari, jaza tangi, ipeleke pikipiki kwenye majani laini na uilaze chini taratibu. Sasa iinue peke yako, mgongo ukiielekea, miguu ikisukuma. Ukishindwa, fungua begi, toa kitu kimoja, uilaze tena.