Dawa ya Mende, Kunguni, Viroboto: Kabla Hujamwita Muuzaji

Ukikaa Dar es Salaam, sauti hiyo unaijua. Kijana anapita na begi mgongoni, kipaza sauti kidogo kinarudia rekodi ileile tangu asubuhi: dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya panya, viroboto, sisimizi. Kichupa kimoja, wadudu wote, na panya ambaye si mdudu kaingizwa humohumo. Mimi kazi yangu ni wadudu, na rekodi ile ikipita mtaani kwetu huwa najua kwamba miezi miwili mbele kuna mtu atakuja ofisini na lawama moja: dawa za siku hizi feki.

Feki zipo, sikatai. Ila mara nyingi dawa inakuwa imefanya kazi yake, imeua waliokuwa wanatembea. Wanaotembea ni wachache. Wengi wako kwao, na kwao hujafika.

Niliitwa kwenye nyumba moja Tabata ambako mama alikuwa amepuliza jiko zima mara tatu ndani ya mwezi. Mende hawakupungua, walihamia chumbani. Tukaivuta friji tukaigeuza. Nyuma, pale kwenye mota panapokaa na joto usiku na mchana, kulikuwa na vumbi jeusi kama pilipili manga iliyosagwa vibaya. Hicho ni kinyesi chao. Nikaupindua mpira wa mlango kwa ncha ya bisibisi, wakamwagika. Mmoja alikuwa jike, kabeba mfuko wa mayai nyuma ya tumbo kama mkoba mdogo wa kahawia.

"Yaani mwanangu, mimi nahangaika chini ya sinki kumbe wenyewe wako kwenye friji?"

Huyo ni mende mdogo, kahawia hafifu, hazidi sentimita moja na nusu, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Vitabuni anaitwa mende wa Kijerumani, ingawa utafiti wa vinasaba uliotoka 2024 umeonyesha asili yake ni Asia ya Kusini. Porini hayupo, pori lake ni nyumba yako. Mfuko mmoja una mayai 30 hadi 40, na jike hauachii mpaka watoto wakaribie kutoka. Dawa ya kupuliza haipenyi vizuri ganda la mfuko ule. Isitoshe, dawa nyingi za kopo ni za jamii ya pairethroidi, ambazo mende hawa wamezizoea katika sehemu nyingi za dunia. Asiyekufa anakereka tu, anahama. Ndiyo maana ya wale wa chumbani.

Mende mkubwa mwekundu, yule anayekurukia usoni ukiwasha taa ya choo, ni kesi nyingine. Wanamwita wa Kimarekani, naye asili yake ni Afrika. Huyu anakaa kwenye chemba, kwenye shimo la choo, kwenye mitaro, na usiku anapanda kupitia tundu la maji la bafuni. Kumpulizia dawa jikoni ni kudeki huku bomba linavuja. Tengeneza mfuniko wa chemba uliovunjika, weka wavu mdogo kwenye tundu la bafuni, ziba nafasi pale bomba linapoingia ukutani. Kazi ya fundi wa nusu siku, na wengi hawatarudi.

Kwa yule mdogo, anza na upelelezi. Chukua makopo matupu ya jemu matatu au manne. Paka mafuta ya mgando kwa ndani, kuzunguka shingo ya kopo, tia kipande cha mkate, halafu zungushia karatasi kwa nje ili waweze kupanda. Weka moja nyuma ya friji, moja kando ya jiko, moja chini ya sinki, moja kabatini. Wakiingia hawatoki, wanateleza. Asubuhi hesabu. Kopo lenye mende wengi linakuambia kiota kiko hatua chache tu kutoka hapo, na watoto wengi humo ndani maana yake ni kwamba umefika mlangoni kabisa.

Ukishapajua, wanyime maji. Njaa mende anaivumilia kwa wiki kadhaa, kiu hapana. Bila maji kabisa huyu mdogo hafikishi wiki mbili. Kwa hiyo sinki lilale kavu, kitambaa cha vyombo kianikwe nje, trei ya maji nyuma ya friji imwagwe. Kisha tumia dawa ya chambo, ile ya jeli inayouzwa kwenye bomba kama sindano. Weka vitone vidogo kama punje ya mchele kwenye nyufa na bawaba, vingi na mbalimbali, si donge moja. Mende anakula, anarudi kwao, anafia huko, na wenzake wanakula kinyesi chake na mzoga wake, nao wanakufa. Hapo ndipo dawa inafika usipoweza kufika wewe. Kosa kubwa ni kupuliza dawa ya kopo juu ya chambo: unakuwa umemwambia mende asikiguse.

Chaki ya mende mimi siipendi, na nitasema wazi kwa nini. Inafanana na chaki ya shule, na mtoto wa miaka mitatu hana namna ya kuzitofautisha.

Mbu nao tunawachanganya. Mtu anaugua dengi, jirani anasema afunge chandarua vizuri. Chandarua ni cha lazima kwa malaria, lakini mbu wa dengi, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana: asubuhi na jioni kabla jua halijazama. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi 2014 na tena 2019, na mbu huyu anazaliwa nyumbani kwetu. Maji ya DAWASA yakiwa ya mgao tunajaza mapipa, ndoo na matangi, na yeye anataka hivyohivyo: maji yaliyotulia, kwenye chombo, kivulini. Tairi kuukuu, kifuu cha nazi, kopo la maua, chupa yenye ua la kutambaa pale juu ya kabati la TV.

Jike hatagi ndani ya maji. Anabandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo yakikauka yanaweza kungoja miezi, mvua ikija yanaanguliwa. Ukimwaga maji tu na kujaza mengine, umeyaamsha. Sugua kuta za pipa kwa brashi ngumu mara moja kwa wiki, kwa sababu kwenye joto letu safari ya kutoka yai mpaka mbu anayeruka huchukua kama siku 7 hadi 10. Pipa usiloweza kulisugua, lifunike kwa kipande cha chandarua cha zamani na ulifunge kwa mpira wa baiskeli.

Yule anayepiga kelele sikioni usiku, wa kahawia, ni wa maji machafu: shimo la choo, karo, mtaro ulioziba. Ndiye aenezaye matende na mabusha katika miji ya pwani yetu. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga punje nyepesi za plastiki nyeupe, zile kama za boksi la TV, kwenye vyoo vya shimo vyenye maji. Punje zikaelea zikatanda kama blanketi, viluwiluwi wakakosa pa kupumulia, na mbu waliotoka vyooni humo wakapungua mno. Zoezi hilo lilikwenda sambamba na kuwagawia watu dawa za matende, na punje ziliendelea kufanya kazi kwa miaka. Kwenye shimo linalofurika zitaondoka na maji, hivyo si la kila nyumba. Lakini wavu kwenye bomba la hewa la choo unawezekana kwa kila mtu, na mita moja ya wavu inatosha mabomba ya majirani watano. Oili chafu usimwage shimoni. Kisima cha jirani kiko karibu kuliko unavyodhani.

Sisimizi nitawapita haraka. Wanafuata njia ya harufu, basi futa njia hiyo kwa maji ya sabuni, na sukari ifungwe. Bibi zetu walisimamisha miguu ya kabati la chakula ndani ya makopo ya maji, na hila hiyo bado ni nzuri, ila makopo hayo yamezalisha mbu wa dengi tangu zamani. Tia sabuni au tone la mafuta ndani ya maji.

Majimoto, wale sisimizi wakali wa kwenye mwembe, waache. Najua wanauma, najua kuvuna kunageuka vita. Lakini ndio askari wa mnazi na mkorosho: wanakula kunguni wa mimea wanaofyonza nazi changa na korosho changa. Wapulizie dawa leo, msimu ujao uanze kuuliza kwa nini nazi zinapukutika.

Mchwa ukiona kijia cha udongo ukutani, kibomoe sehemu ya katikati, rudi kesho. Kikiwa kimezibwa, wapo kazini. Kabla ya fundi wa dawa, angalia kuni zilizoegemezwa ukutani, fremu ya mlango iliyogusa ardhi, bafu linalovujisha. Kumbikumbi wanaokuja kwenye taa baada ya mvua ni wa kuokota na kukaanga. Ila ukikuta mbawa zao zimelala dirishani kwa ndani, na madirisha yalikuwa yamefungwa, basi wametokea humo ndani. Anayejenga sasa ana bahati: dawa ya mchwa inawekwa kwenye udongo kabla ya kumwaga zege la jamvi, na baada ya hapo ni kutoboa sakafu.

Kunguni anahitaji joto na subira. Mashuka na vyandarua kwenye maji ya moto sana, kitanda kifunguliwe viungo vyote na kumwagiwa yaliyochemka. Mayai huanguliwa ndani ya siku 6 hadi 10 hivi, kwa hiyo lazima urudie baada ya wiki mbili hata kama humwoni. Anayekuuzia dawa ya mara moja hakuelezi ukweli.

Sasa dawa yenyewe, maana kuna wakati utaihitaji. Nunua iliyo kwenye chombo chake, yenye lebo inayosomeka na namba ya usajili ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Soma imetajwa kwa mdudu gani na kwa wapi. Dawa ya pamba au ya nyanya, hata kama shemeji kaileta kutoka shamba na inaua vibaya sana, si ya kupuliza chumba ambacho mtoto atalala saa mbili usiku. Angalia mkanda wa rangi chini ya lebo: mwekundu ni hatari zaidi, kisha njano, bluu, na kijani mwishoni. Na hiyo iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa usiiingize ndani kwako hata kwa bei ya bure.

Mtu akiwa ameimeza, usimtapishe wala usimlazimishe kunywa maziwa. Ikiwa imemwagikia mwili, vua nguo na umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Mpeleke hospitali mara moja, na uichukue chupa pamoja na lebo yake, kwa sababu jambo la kwanza daktari atakalouliza ni alikunywa nini.