Kabla Hujanunua Koili: IST Iliyoanza Kumisi Baada ya Kufunguliwa Nyumbani

Mteja wangu mmoja, mwalimu wa sekondari anayekaa njia ya Kisesa hapa Mwanza, aliniletea Toyota IST yake Jumatatu asubuhi ikitetemeka mpaka vioo vya pembeni vinacheza. Ni mtu mzima kunizidi, kwa hiyo nikamwamkia kwanza. Akaitikia marahaba, akazima gari, halafu akasema bila kuzunguka: "Fundi, nimeliharibu mwenyewe. Usinicheke."

Sikumcheka. Kazi aliyoianza ilikuwa ya maana kabisa. Oili ilikuwa inavuja kwenye kava la tapeti, kifuniko cha juu ya injini, na kujaa kwenye visima vya plagi, akanunua gasketi, akaangalia video mbili tatu, akafungua Jumamosi chini ya mwembe nyumbani kwake. Jioni akarudisha kila kitu na gari likawaka. Ila sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, haitulii, taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, na akikanyaga mafuta kupanda kilima gari linakohoa kama lina kifaduro. Ana kile kidude cha kusomea makosa kwa simu. Kikampa namba mbili za makosa, P0303 na P0171. Jumapili akanunua koili mbili za mtumba, zile zinazoipa plagi umeme wa cheche, halikupona. Akaongeza sensa ya hewa, halikupona. Alipofika kwangu Nyakato alikuwa ameshatoa zaidi ya laki na nusu, na injini inamisi vilevile, yaani inaruka mapigo.

Mambo ya aina hii nayaona mara kwa mara, na mwenye gari anakuwa amehangaika kweli. Kinachomponza ni swali analoanza nalo. Gari likimisi, mtu hujiuliza: kitu gani kimekufa? Hilo ni swali zuri kwa gari lililoanza kumisi lenyewe njiani Usagara. Kwa gari lililotembea vizuri Ijumaa, likafunguliwa Jumamosi mchana na kumisi Jumamosi jioni, swali ni jingine: mkono ulipita wapi? Koili inaweza kufa siku hiyohiyo, sikatai. Lakini mbili kwa mpigo, pamoja na sensa, zote zikingojea siku mwenye gari anaposhika spana? Hapana.

Swali hili nililipata kabla sijafungua gari hata moja. Nikiwa kijana nilishika spana kwa fundi wa injini za boti pale Kirumba, karibu na Mwaloni. Injini ikizimika usiku katikati ya ziwa, hakuna duka la vipuri kati yako na Ukerewe. Unachokisikia kwanza humo mtumbwini ni mtu anauliza, tena kwa ukali: nani ameigusa mwisho, na aligusa nini?

Basi tukakaa na mwalimu juu ya matairi, akanisimulia Jumamosi yake hatua kwa hatua. Injini ni 1NZ, ile ya cc 1,497. Ili kava la tapeti litoke, alitoa kwanza kifuniko cha ea klina, na hapo akachomoa soketi ya sensa ya hewa. Akachomoa mipira miwili ya pumzi: mmoja unatoka kwenye valvu ya PCV, inayotoa pumzi za ndani ya injini, kwenda kwenye manifoldi, mabomba yanayogawia silinda hewa, mwingine unakwenda kwenye paipu kubwa la hewa. Akachomoa soketi nne za koili, akatoa koili nne. Plagi hazikuwa na ulazima wa kutoka, lakini alizitoa ili afute oili vizuri. Kwenye betri alilegeza kichwa kimoja kama video ilivyomwelekeza. Hayo tu. Pampu ya mafuta hakuigusa, nozeli hakuzigusa, taimingi cheni hakuisogelea. Washukiwa wote walikuwa juu ya injini, mahali unapofika kwa mkono bila kulala chini ya gari.

Kabla ya kufungua chochote nikawasha, nikasikiliza. Injini hii ikiwa imepata moto huzunguka karibu mara 700 kwa dakika kwenye sailensa. Kila silinda hupiga mara moja kwa mizunguko miwili, kwa hiyo silinda moja inapiga mara 350 kwa dakika, karibu mara sita kila sekunde. Silinda moja ikilala, mtetemo unakuwa na mpangilio: ta-ta-ta-pu, ta-ta-ta-pu, pengo linarudi palepale. Weka kiganja nyuma ya bomba la eksozi, mbali kidogo usiungue, utalihisi hilo pengo mkononi. Hewa ikiwa inaingia pasipotakiwa, mtetemo huwa hauna adabu: injini inapanda, inashuka, inataka kuzima, inajikumbuka. Ya mwalimu ilikuwa na yote mawili kwa pamoja. Pengo lilikuwepo, na juu yake mshale wa mizunguko ulikuwa unapanda na kushuka taratibu kama mtumbwi kwenye mawimbi. Nikaanza kuhisi kwamba tuna makosa mawili, na kwamba ndiyo maana kila alichobadilisha hakikumpa jibu.

Tukaenda mlimani. Mji huu umetupa mashine ya kupimia ya bure, nayo ni vilima. Tukashuka na Barabara ya Nyerere mpaka mjini, tukapinda kupanda Bugando. Kwenye tambarare gari lilivumilika. Kwenye mwinuko, gia kubwa na mguu chini, likaanza kudunda. Hilo linasema mengi. Ukikanyaga mafuta, silinda inajaa, mgandamizo unakuwa mkubwa, na cheche inapata shida kuruka pengo la plagi, ambalo kwa injini hii ni kama milimita 1.1. Koili inasukuma umeme wa makumi ya maelfu ya volti, na umeme wa namna hiyo ukikuta mlango mgumu unatafuta dirisha: oili iliyobaki kisimani, mpira wa koili uliolainika, ufa popote. Gari linalomisi zaidi likibeba mzigo, mimi huanza upande wa cheche. Linalosumbua sailensa halafu likanyooka ukipiga resi, huanza upande wa hewa.

Tuliporudi gereji nikafanya jaribio ambalo mwalimu angeweza kulifanya mwenyewe kwa dakika tano. Injini ikiwa sailensa, chomoa soketi ya koili ya kwanza, ile ya upande wa mkanda. Mlio ukibadilika, injini ikayumba zaidi, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi, rudisha soketi. Nenda ya pili, na kuendelea. Ile ambayo ukiichomoa injini haishtuki ndiyo iliyolala. Chomoa soketi ya nyaya tu, usiivute koili yenyewe nje injini ikiwa inazunguka, maana umeme wake si wa kuchezea na hapo kuna petroli jirani. Usikae muda mrefu pia, sekunde chache zinatosha, kwa kuwa nozeli inaendelea kumwaga mafuta yasiyochomwa kwenda kwenye eksozi. Moja ikashtuka, mbili ikashtuka, nne ikashtuka. Tatu kimya. P0303 haikusema uongo.

Ila P0303 inasema silinda ya tatu haichomi. Haisemi koili. Hapa ndipo pesa ya kwanza ilipopotelea. Nikahamisha koili ya tatu kwenda ya kwanza, na ya kwanza kwenda ya tatu. Tatizo likabaki tatu. Koili ni nzima, zile za zamani nazo pengine zilikuwa nzima. Nikafungua plagi ya tatu, nikaipeleka kwenye mwanga mlangoni.

Kwa haraka ilionekana safi. Nikaizungusha polepole kati ya vidole. Kwenye kauri nyeupe, juu kidogo ya sehemu ya spana, palikuwa na mstari mweusi mwembamba kama unywele, umeshuka wima mpaka kwenye chuma. Nikapitisha kucha, ikakwama kidogo. Ule ni ufa, na weusi wake ni njia ambayo cheche imekuwa ikipitia kutoroka badala ya kushuka kwenye silinda. Nikamwonyesha mwalimu. Akanyamaza, halafu akasema, "Ehe. Hiyo ilinidondoka."

Soketi aliyotumia ilikuwa ndefu vya kutosha lakini haina ule mpira wa ndani wa kushika plagi. Wakati wa kurudisha, plagi ikamponyoka ikaangukia kisimani, ko! Akaona haijavunjika, akaikaza. Plagi ikidondoka usiirudishe kabla hujaikagua: kauri kwanza, pengo la pili. Kama soketi yako haina mpira, chukua kipande cha mpira wa petroli, kichomeke kwenye kichwa cha plagi, uishushe nacho na kuianza uzi kwa vidole. Uzi ukiwa umekaa vibaya, ule mpira utateleza mkononi kabla hujaua kichwa cha silinda. Spana ingekula tu uzi bila kukuambia kitu.

Plagi mpya, kisima kikafutwa oili mpaka kitambaa kikatoka kikavu, tukawasha. Pengo likaisha. Mwalimu akatabasamu, akaanza kutafuta pochi. Nikamwambia subiri. Mshale ulikuwa bado unapanda na kushuka.

Hili kosa la pili ndilo lililozaa P0171, namba inayosema mchanganyiko ni mwepesi, hewa nyingi petroli kidogo. Dukani walimtafsiria kuwa sensa ya hewa imekufa. Inawezekana kwa gari jingine. Lakini fikiria kinachotokea kwenye sailensa. Throto, mlango wa hewa ya injini, imefungwa karibu yote, pistoni zinavuta, hewa haipati pa kupita, kwa hiyo ndani ya manifoldi kuna mvuto mkali. Pakiwa na tundu popote baada ya sensa, hewa ya magendo inaingia bila kupimwa. Kompyuta inatoa petroli kwa hewa iliyopita forodhani tu. Ukipiga resi, throto inafunguka, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya magendo inaonekana kidogo, injini inatulia. Sensa mpya haiwezi kupima hewa isiyopita kwake, hata ungeibadilisha mara tatu.

Nikachukua mpira wa maji wa kama nusu mita, ncha moja sikioni, nyingine nikaitembeza kuzunguka manifoldi, mbali na feni na mkanda. Karibu na valvu ya PCV nikasikia: sssss. Mpira wa pumzi ulionekana mzima kwa juu. Nikaingiza kidole chini ya kiwiko chake na hapo nikakutana na ufa, mrefu kama punje ya mchele. Nikauziba kwa kidole. Mshale ukashuka, ukasimama. Nikatoa kidole, ukaanza tena kucheza. Nikamwita mwalimu aweke chake. Aliweka, akatoa, akaweka tena, kama mtoto na swichi ya taa.

Mpira ule umekaa juu ya joto la injini miaka mingi, umekuwa mkavu kama biskuti. Alipouvuta Jumamosi haukutoka, akauvuta kwa nguvu, ukapasuka upande asiouona. Mipira kama hiyo haivutwi kwa hasira: unaizungusha kwanza papo hapo mpaka iachie, ndipo unaivuta. Ikigoma kabisa, ikate na ununue mwingine. Huo mpira ulikuwa ndicho kipuri cha bei ndogo kuliko vyote vilivyoingia kwenye gari lile wiki hiyo.

Tukafuta makosa, nikaliacha lijipashe moto sailensa kwa muda bila kugusa mafuta. Ukishachomoa betri, kompyuta hupoteza ilichojifunza, na gari linaweza kukaa hovyo kidogo mwanzoni hata kama kila kitu kiko sawa. Kama uliosha throto nayo, magari mengine hutaka ifundishwe upya. Hapo usinunue kitu kabla hujalitembeza kidogo.

Mengine yanayojitokeza baada ya kazi hii nayataja haraka. Soketi ya koili ambayo kibanio chake kimevunjika kwa uzee inakaa lakini haishiki; ivute taratibu uone. Soketi za koili za jirani zikibadilishana nafasi, silinda mbili zinapigwa cheche wakati usio wao. Kwenye Corolla za zamani zenye distributa ni nyaya za plagi ndizo zinazochanganywa. Mpangilio wa silinda kupigwa cheche kwa injini nyingi za silinda nne ni 1-3-4-2. Na kifuniko cha ea klina kisichokaa vizuri hupitisha vumbi, na kwa walio Capripoint na Bwiru, wale wadudu wa ziwani pia.

Jambo moja silitaji haraka. Taa ya injini ikiwaka tu, unaweza kuendesha kwa upole mpaka kwa fundi. Ikiwaka na kuzimika-zimika huku injini inamisi, ondoa mguu, paki. Petroli isiyochomwa inakwenda kuwakia kwenye masega ya eksozi, yaani katalisti inayosafisha moshi, na masega yakishayeyuka utaikumbuka bei ya koili kwa mapenzi.

Mwalimu alirudi Alhamisi. Amepanda Bugando mara mbili, gari safi. Ila amekuja na picha kwenye simu: oili inatiririka kidogo kwenye kona ya kava, upande wa taimingi cheni. Pale ambapo kifuniko cha cheni kinakutana na kichwa cha silinda kuna viungio viwili vinavyotaka silikoni kidogo kabla gasketi haijakaa, na video zake hazikulionyesha hilo. Nikamuuliza kama aniachie. Akasema hapana, atalifungua tena mwenyewe Jumamosi, nimpe tu kipande cha mpira wa petroli cha kushushia plagi. Nimempa. Plagi iliyopasuka ameiomba pia, anasema ni ya darasani.