Uangalizi wa mfadhili maana yake nini?

Mfadhili akishatoa ruzuku, kazi yake haijaisha. Tangu mkataba unaposainiwa ana haki ya kuuliza fedha zimetumikaje, kazi iliyoahidiwa imefika wapi, na kama wanaohudumiwa wako salama. Kuuliza huko, pamoja na uchunguzi anaoufanya kabla ya kutoa hata senti, ndiko kunakoitwa uangalizi wa mfadhili. Aliyewahi kukesha na ripoti ya robo mwaka huku mhasibu akisaka risiti haelezwi zaidi. Lakini risiti ndiyo sehemu nyepesi. Uzito huja pale shirika linapofanya kazi inayogawa watu, na wanaohudumiwa ni watoto.

Tuchukue Mermaids, shirika la hisani la Uingereza. Ilianzishwa mwaka 1995 na wazazi wa watoto wanaojihisi kuwa na jinsia tofauti na ile waliyoandikiwa walipozaliwa, yaani watoto transjenda. Desemba 2018 ilijulikana kwamba mfuko wa umma unaogawa fedha za bahati nasibu ya taifa ulikuwa umeitengea pauni 500,000 za kuanzisha vikundi vya kusaidiana sehemu mbalimbali za nchi. Malalamiko yakamiminika, mengine yakichochewa na Graham Linehan, mwandishi wa vichekesho vya televisheni, aliyewahimiza watu kuuandikia mfuko. Mfuko ukatangaza kwamba unaupitia upya uamuzi wake. Februari 2019 ukasema ruzuku inabaki palepale.

Waliokasirika walidhani mapitio yale yangeamua kama watoto transjenda wasaidiwe kwa njia hii au ile. Hilo si swali la mfadhili, na sioni kwa nini afisa ruzuku alibebeshwe. Yeye huuliza mambo finyu zaidi: je, tulifuata taratibu zetu? Tuliyoambiwa kwenye maombi ni ya kweli? Shirika lina uwezo wa kufanya lilichoahidi bila kumdhuru mtu? Malalamiko yanaweza kumwonyesha pa kutazama, lakini wingi wa barua si ushahidi. Mfadhili anayesitisha ruzuku kwa sababu ya kelele, na yule anayeziba masikio kwa sababu kelele zinamuudhi, wote wawili hawajafanya uangalizi.

Mabishano yale yalizaa kituko kimoja. Januari 2019, Mwingereza mmoja wa YouTube, Harry Brewis, alicheza mchezo wa Donkey Kong 64 moja kwa moja mtandaoni kwa zaidi ya saa 50 ili kumjibu Linehan, akaichangishia Mermaids zaidi ya dola 340,000. Tazama tofauti ya fedha hizo mbili. Ya mfuko ina mkataba, awamu za malipo na ripoti. Ya wachangiaji wa mchezo ule haina afisa wa kuidai maelezo. Jukumu lote linabaki kwa bodi ya wadhamini wa shirika. Kwa hiyo mfadhili akijiondoa, shirika linaweza kuendelea kupata fedha. Anayepotea ni yule aliyekuwa na haki ya kuuliza.

Wakati watu wanagombana kuhusu ruzuku, hatari nyingine ilikuwa imelala kwingine kabisa. Agosti 2016 shirika lilifungua kundi la barua pepe la kazi za ndani, na mipangilio yake haikufungwa ipasavyo. Kurasa zipatazo 780 za mawasiliano ya siri zikawa zinasomeka mtandaoni kwa karibu miaka mitatu, zikiwa na majina na anwani za barua pepe za watu wapatao 550; katika baadhi ya barua kulikuwa na habari za jinsi mtu anavyojisikia na hali ya afya yake. Iligunduliwa Juni 2019, miezi michache baada ya mapitio ya ruzuku kumalizika. Mwaka 2021 Ofisi ya Kamishna wa Taarifa, mamlaka ya Uingereza ya kulinda taarifa za watu, ikalitoza shirika faini ya pauni 25,000. Kwa familia ambayo pengine haijawaambia hata majirani, hilo ni zito kuliko hesabu yoyote isiyolingana, na ni aina ya jambo ambalo fomu ya ripoti inaweza isiliulize kamwe.

Aliyetoza faini, basi, hakuwa mfadhili. Hali kadhalika Tume ya Mashirika ya Hisani ya England na Wales, iliyofungua uchunguzi rasmi kuhusu Mermaids mwishoni mwa 2022. Ripoti yake ya Oktoba 2024 ilisema kulikuwa na usimamizi mbovu: shirika lilikua haraka, na uongozi wake haukwenda na ukuaji huo. Haikupata ushahidi kwamba lilikuwa likitoa ushauri wa kitabibu. Na Tume ikaweka wazi kwamba kuamua mjadala wa tiba si kazi yake.

Mipaka ndiyo hiyo. Tume inaweza kuwaagiza wadhamini na hata kuwaondoa. Kamishna hulinda taarifa za watu. Mfadhili ana mkataba tu: anaweza kuongeza masharti, kusitisha awamu inayofuata au kudai fedha zilizotumika kinyume zirudishwe. Akisitisha ghafla, simu ya msaada hukosa wa kuipokea, na mzazi anayepiga hakuhusika na lolote. Ndiyo maana mkataba mzuri husema mapema ni kosa gani litasimamisha malipo na shirika litapewa muda gani kujieleza. Tena, kabla ya kuuliza vikundi vingapi vimeundwa, huuliza nani anaweza kufungua majalada ya watoto.