Maamuzi ya mtaa hayaanzi siku greda linapofika: tunachodanganyana kuhusu kushirikishwa

Tangu waanze kupanua barabara ya Tanzam kuwa njia nne, kile kipande cha Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29, ukipanda daladala hapa Mbeya hukosi kumsikia mtu anasema "hatukushirikishwa". Wapo wenye haki kabisa ya kusema hivyo na naumia nao. Ila wengi ukiwauliza mkutano wa mtaa wao wa mwisho ulijadili nini, hawajui, na mimi nilikuwa hivyohivyo mpaka majirani waliponichagua kwenye kamati ya urasimishaji, yaani ya kupima na kupanga mtaa uliojengwa bila mpango ili utambulike kisheria. Humo ndo nimeona mambo mengi tunayoambizana vijiweni siyo.

Kwanza hilo la kusubiri X nyekundu, ile alama ya nyumba inayotakiwa kubomolewa. Watu wanaamini ikishachorwa ukutani ndo muda wa kwenda kupiga kelele. Jamani, X ni mwisho wa safari, maamuzi yalishapita zamani. Hifadhi ya barabara kuu yenyewe, yaani eneo la pembeni linaloachwa kwa ajili ya barabara, ilipanuliwa kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake, ikatoka mita 22.5 ikawa mita 30 kila upande ukipima kutoka katikati ya barabara, sasa mtu kanunua kiwanja mwaka 2015 kwa makubaliano ya mdomo, hakuuliza ofisini, kajenga fremu tatu, anakuja kujua siku wanakuja na rangi.

"Ramani ni kazi ya wataalamu, sisi tutasema nini?"

Hii ndo inayoniuma kuliko zote. Siku mchoro wa awali ulipoletwa kwenye mtaa wetu tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi, mchoro ukabandikwa ubaoni kwa gundi ya karatasi, watu tumekaa kwenye madawati ya watoto magoti yamegota. Afisa mipango miji kaeleza vizuri tu, viwanja hivi hapa, barabara hii hapa. Akasimama mama mmoja mtu mzima, analima maharage kule juu, hakuwa na miwani kwahiyo akasogea mpaka pua inakaribia kugusa karatasi, akamwambia, "Baba, hapa ulipoandika viwanja namba hizi, Machi maji ya mlimani yanapita hapa. Mwaka jana yalibeba mbuzi wangu." Darasa zima likaitikia, maana kila mtu anayajua hayo maji. Afisa akachukua penseli akauliza yanaanzia wapi, yanaishia wapi, mama akamwonyesha kwa kidole mpaka mwisho. Lile eneo sasa limeandikwa eneo la wazi.

Yule afisa hakuwa mjinga, yeye alikuja kupima Agosti, kiangazi, ardhi imekauka, angeyaonea wapi maji? Utaalamu wake ni vipimo, mteremko, upana wa barabara, na wetu ni kuishi pale misimu yote. Na sisi wa Mbeya hatuna haja ya kukumbushwa mlima unaweza kufanya nini, Aprili 2024 Kawetere uliporomoka kule Itezi ukafukia nyumba za watu. Sisemi mkutano ungezuia mlima kushuka. Nasema anayejua wapi udongo unachimbuka na wapi chemchemi imehama ni anayekaa pale, na akinyamaza hakuna atakayeiandika hiyo habari kwenye karatasi.

"Mpangaji hahusiki, mkutano ni wa wenye nyumba." Hapana. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wote waliofikisha miaka 18, upange chumba kimoja Mwanjelwa au uwe na ghorofa Forest, ni haki ileile. Tena mpangaji ndo anayetembea usiku kwenye kichochoro kisicho na taa.

"Ramani na mipango ni siri ya halmashauri." Hii nayo tumeikubali tu kwa sababu kuna ofisi ukienda unajibiwa vibaya, mimi mwenyewe kuna ofisi moja nilizungushwa wiki tatu kuonyeshwa karatasi ambayo ilikuwa kwenye meza ya jirani na niliyokuwa naongea naye. Lakini sheria haisemi hivyo. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka mpango unapoandaliwa wadau waitwe, wenye ardhi wakiwemo, na rasimu iwekwe watu waione na watoe maoni. Halafu kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, raia ukiomba taarifa kwa maandishi wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 30. Kwa maandishi, nasisitiza, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, maana ukiuliza kwa mdomo hizo siku 30 utazihesabia wapi? Na vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi, unaingia, unakaa, unasikiliza. Kuongea huwezi, anayeongea ni diwani wako, ila diwani akijua watu wake wako kule nyuma wanamsikiliza anaongea vingine kabisa.

Sasa kuna hili la karatasi ya mahudhurio. Watu wengi huku wanaogopa kusaini, wanasema ukisaini umekubali mradi, na nimeona wazee wanatoka mkutanoni karatasi ikikaribia. Ukweli ni kwamba mahudhurio yanaonyesha ulikuwepo, basi. Kinachobeba uamuzi ni muhtasari wa mkutano, nani alisema nini na mkutano uliazimia nini. Kwahiyo woga wenu uko sehemu siyo ndugu zangu, cha kuogopa ni muhtasari usiousoma. Hoja yako kama haikuandikwa mle, huko mbele ni kama hukuisema, hata kama ulipigiwa makofi. Kuna dada kwenye mtaa wetu, anauza mitumba Kabwe, kila mkutano ukiisha haondoki, anamfuata mtendaji wa mtaa anayeandika muhtasari anamwambia kwa heshima, "kaka naomba unisomee ulivyoandika ile hoja yangu." Mwanzoni alionekana msumbufu, siku hizi mtendaji anamsomea kabla hajaombwa.

"Wananchi tukikataa mradi umekufa." Na wengine wanasema kinyume chake, "tukubali tukatae ni kazi bure." Wote wanakosea. Mtaani maoni yenu siyo turufu, mpango unapita kwa madiwani na unaidhinishwa juu, unaweza kupita hata kama hamjaupenda. Kijijini ni tofauti, ndugu zetu wa Mufindi na Njombe wanaofuatwa na watu wanaotaka mashamba ya miti wajue hili, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 halmashauri ya kijiji haitakiwi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia, na huo mkutano unatakiwa ukae kila miezi mitatu. Lakini hata mtaani, "hatutaki" peke yake haina uzito. "Hatutaki dampo hapa kwa sababu liko ndani ya mita 60 kutoka mtoni na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza," hiyo mtu wa ofisini hawezi kuiweka pembeni kirahisi. Katiba yenyewe ibara ya 146 imesema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, kwahiyo hatuombi fadhila.

La mwisho ni barabara za ndani, kwenye urasimishaji ndo kuna ugomvi kuliko kote. "Wanataka kutuibia viwanja." Ukweli ni kwamba upana wa njia mnakubaliana wenyewe pale mtaani, jirani kwa jirani, na anayeachia anaachia bila fidia, hilo tusifichane, ndo maana linauma. Kwetu lililogeuza watu ni gari la kunyonya choo. Lilifika kwa mzee mmoja likaishia njiani, mpira wakauunga mara mbili haukufika, likaondoka, na mvua zilikuwa zinaanza. Wiki iliyofuata watu wakatoka na tepu wenyewe, huyu mita moja na nusu, yule mita moja na nusu, michongoma ikang'olewa. Mmoja akagoma kwa sababu ya mparachichi alioupanda mwaka aliozaliwa binti yake wa kwanza. Tulikaa naye jioni tatu uani kwake. Mwisho jirani wa ng'ambo akasema basi mimi naongeza nusu mita. Mparachichi uko palepale, barabara imepinda kidogo pale, imechorwa hivyohivyo kwenye ramani, na gari linafika mpaka mlangoni kwa mzee.