Gari la Ngazi Halipo Yadi

"Afande, New York wakitaka gari la zimamoto la ngazi si wanapiga simu tu linaletwa?"

Swali hili nimeulizwa tena juzi kwenye ghala moja la korosho hapa Mtwara, katikati ya mafunzo, mtungi wa poda wa kuzimia moto nikiwa nimeushika mkononi. Aliyeuliza ni mlinzi wa lango, kijana msikivu, simlaumu. Nimeulizwa hivyo hivyo Mikindani, Masasi, na Lindi mjini kwenye nyumba ya wageni ambayo mwenyewe hataki kusikia habari ya ngazi ya dharura ya nje, kwa sababu "siku ya siku serikali italeta gari lenye ngazi kama la Marekani". Nilitoka zimamoto nikiwa na mvi, sasa nafundisha watu wa maghala na mahoteli, na nikimaliza somo natoa futi napima lango. Hilo la lango nitalirudia. Kwanza hizi dhana.

"Wenzetu wana hela, wanaenda yadi wanachagua"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa hiyo nitaikalia.

Landkruza ipo yadi. Fuso la kubebea mchanga lipo yadi. Gari la ngazi la mji mkubwa halipo yadi, kwa sababu siku mji unaposaini mkataba gari lenyewe bado halijazaliwa. Viwanda huwa na machache ya maonyesho, na miji midogo yenye haraka huyachukua. Mji kama New York, wenye vikosi vya ngazi zaidi ya 140, haununui hivyo. Unaandika kwanza.

Na wanaoandika si wakubwa wa ofisini peke yao. Inakaa kamati: madereva, makapteni, mafundi wa gereji, watu wa bajeti. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Dereva anataka gari fupi linalokata kona. Kapteni anataka makabati zaidi ya vifaa. Fundi anataka injini ileile aliyoizoea, maana vipuri tayari anavyo stoo. Wanabishana kama juu kuwe na ngazi tupu au ngazi yenye kikapu cha kubebea watu, kama meza inayoizungusha ngazi ikae katikati au nyuma, kama liwe na pampu au lisiwe nayo. Mwisho wa ubishi ni kitabu cha vigezo vya kiufundi, mara nyingi kurasa zaidi ya mia, mpaka taa ya kabati na mahali pa kutundika shoka.

Chini ya kitabu hicho kuna kiwango cha chini ambacho hakuna kamati inayoruhusiwa kukipunguza. Marekani ni viwango vya NFPA, chama chao cha kinga ya moto. Kilichokuwa namba 1901 kwa miaka mingi sasa kimeingizwa ndani ya namba 1900. Ulaya, ngazi za kuzunguka zina kiwango chao, EN 14043. Kile cha Marekani kinasema ngazi ikinyooshwa yote, ncha yake ibebe angalau kilo 113. Piga hesabu: huyo ni askari mmoja na nguo zake za moto. Watu wanadhani ngazi ile inapandwa na ukoo mzima kama boti ya kwenda Msanga Mkuu! Mkitaka kubeba wengi mnanunua kikapu, kinachotakiwa kubeba kilo 340 hivi, na kikapu kinaongeza uzito, urefu na bei.

Halafu wanapima mji wao. Hapa ndipo ninapowapenda. New York bado inatumia vituo vilivyojengwa zama za farasi, na mlango wa farasi haujui habari za gari la karne hii, kwa hiyo kimo cha gari kinaanzia kwenye mlango wa kituo. San Francisco ina vilima na mitaa myembamba, basi wananunua gari lililokatika katikati kama semi-trela, lenye dereva wa pili nyuma kabisa anayegeuza magurudumu ya nyuma. Hao hao San Francisco, kwa sababu ya nyaya nyingi za umeme mitaani, mpaka leo wanabeba ngazi za mkono za mbao, zinazotengenezwa na karakana yao wenyewe. Ukienda dukani kutafuta ngazi hiyo utazeeka.

Wamarekani wamefika mpaka kuiandikia barabara. Kanuni yao ya moto, ambayo wenyewe wanaiita ya kimataifa, inataka njia ya gari la zimamoto iwe na upana wa mita 6.1, na mbele ya jengo refu ambako ngazi itasimama iwe karibu mita 8. Sababu ni jeki. Gari la ngazi likisimama linatoa miguu ubavuni, na miguu hiyo hutaka mita nne mpaka tano na zaidi. Jeki zisipotoka sawasawa, ngazi hainyanyuki. Mitambo yenyewe inakataa, na vizuri inakataa, kwa sababu hizo ni tani 30 na ushei zenye mkono wa mita 30. Fikirieni uchochoro wowote wa Magomeni hapa Mtwara, bodaboda zimeegeshwa huku na huku na meza ya mihogo katikati.

Baada ya kitabu inakuja hela. Kwa bei za miaka hii gari moja la ngazi Marekani linafika dola milioni 2, yaani kama shilingi bilioni 5. Mji hauna mfuko wenye hela hiyo inayosubiri. Inaombwa kwenye bajeti, au mji unakopa kwa hatifungani, baraza linapiga kura, zabuni inatangazwa, wazabuni wanajibu kifungu kwa kifungu: hapa tunatimiza, hapa hatutimizi na sababu ni hii. Wengine wanakwepa zabuni ya peke yao kwa kununua kupitia mkataba wa pamoja. Upo wa Houston unaoitwa HGACBuy, ambao bei zake zimeshashindanishwa. Kwa wanaojua GPSA, wakala wetu wa ununuzi serikalini, na mikataba yake maalumu, wazo ni ndugu. Kwa hiyo yule anayeniambia "makaratasi ni ya kwetu Waswahili tu" aende akasome. Nyaraka za zabuni za miji ile zipo wazi, nami nimezisoma. NeST, mfumo wetu wa zabuni wa mtandaoni unaolalamikiwa kila kijiwe, ni nyepesi ukiilinganisha.

Mkataba ukisainiwa, gari linakuja? Halijaja. Kwanza wajumbe wa kamati wanasafiri kwenda kiwandani, labda Appleton kule Wisconsin kwa Pierce au Ocala, Florida, kwa E-One, wanakaa na wahandisi na kupitia michoro mstari kwa mstari. Wanarudi tena chasisi ikiwa wazi, kabla ya kufunikwa. Wanarudi mara ya tatu likiwa limekamilika. Anayebadili mawazo baada ya mchoro kupitishwa analipa, hata kama ni kabati moja tu. Ngazi inakaguliwa na mkaguzi wa nje asiye wa kiwanda wala wa mji. Likifika mjini linafungwa redio na vifaa, kisha madereva wanajifunza kwa wiki kadhaa kabla halijaitikia simu hata moja.

Kabla ya UVIKO kazi ya kiwandani ilichukua kama mwaka. Baada ya hapo foleni imekuwa miaka miwili mpaka minne. Vipuri vilikosekana, wafanyakazi wakapungua, na kampuni chache zilikuwa zimeshameza viwanda vingi, jambo ambalo zimamoto za Marekani zenyewe zinalilalamikia waziwazi. Miji mingine inalipa sehemu ya hela mapema ili ipunguziwe bei, na inadai dhamana kiwanda kisije kikafa na hela yao.

Hiyo ndiyo "simu" ya yule kijana wangu wa langoni. Ikipigwa leo, gari litafika yeye akiwa ameshahama lindo, ameoa, na ana mtoto anayekimbia.

"Ngazi ndefu zaidi ndiyo bora"

Mtu akiniambia hivi namuuliza: ghorofa ndefu kuliko zote mtaani kwako ni ipi? Kwa Mtwara na Lindi jibu huja haraka, kwa sababu nyumba nyingi zetu hata ngazi ya mkono ya mita 10 inazitosha.

Ngazi ya kawaida ya Marekani ni mita 30. Hizo si ghorofa kumi. Gari halisimami ukutani, linasimama mbali kidogo, ngazi inalala kwa pembe, na mnajikuta ghorofa ya saba au ya nane. Zipo ndefu zaidi: Magirus wa Ujerumani wana ya mita 68, na Bronto wa Finland wana kikapu kinachofika mita 112. Lakini kila mita ya juu inalipiwa chini, kwa uzito, kwa jeki pana, na kwa muda wa kulisimamisha gari huku moto unatembea.

London ilijifunza kwa uchungu. Jengo la Grenfell lenye ghorofa 24 lilipoungua Juni 14, 2017, wakafa watu 72, ngazi za London zilikuwa zinafika mita 32, na kikapu cha mita 42 kikaombwa kwa majirani wa Surrey. Ngazi mpya za mita 64 London ilizipata mwaka 2021. Miaka minne, na ule ni mji wenye hela na wenye hasira. Hata hizo haziwezi kufika juu ya majengo marefu ya mji huo, ndiyo maana jengo refu linalindwa kwa vitu vya ndani yake: ngazi zilizofungwa moshi, bomba kavu la kupandishia maji, vinyunyizio vya dari. Yule bwana wa nyumba ya wageni Lindi, kama unasoma, ngazi ya chuma ya nje mchomeleaji wa hapo hapo mjini anakutengenezea.

"Limekuja bila maji, uzembe huo"

Malalamiko ya gari kufika bila maji Tanzania nzima inayajua, na sitaki kuwatetea wanaostahili kulaumiwa. Lakini gari la ngazi New York halina tangi la maji. Kazi ya kikosi cha ngazi ni kuvunja milango, kutafuta watu, kutoboa paa moshi utoke. Maji ni ya gari jingine lenye pampu na hosi, na yote mawili yanaitwa pamoja. Lipo gari la mchanganyiko, lenye pampu, tangi na ngazi kwa pamoja; miji yenye askari wachache hulipenda, na wakosoaji wake husema linafanya kila kazi nusu nusu. Mimi ni mmoja wao. Kwenye ghala la korosho nipe boza la maji na haidranti, bomba la zimamoto la barabarani, inayotoka maji kweli, ngazi mtaniletea baadaye.

"Likishanunuliwa, limekwisha"

Ngazi hupimwa kila mwaka, na kila miaka mitano chuma chake huchunguzwa kwa vipimo vinavyoona nyufa ambazo jicho halizioni. Mwongozo wa Marekani unashauri gari lililopita miaka 15 liende akiba, na la miaka 25 liondolewe. Na fundi je? Moto mkubwa wa Los Angeles wa Januari 2025 ulikuta magari zaidi ya 100 ya zimamoto ya mji ule yako nje ya kazi, na mkuu wao akasema hadharani kwamba mafundi hawatoshi. Los Angeles hiyo! Huku kwetu ongeza chumvi ya bahari, inayokula bati la Shangani mchana kweupe.

"Basi tuchukue la mtumba"

Si haramu. Lakini kabla hujafurahia rangi nyekundu, omba cheti cha mwisho cha kupimwa ngazi, kitabu chake kwa lugha mnayoisoma, na jina la mtu anayeuza vipuri vyake. Vikikosekana viwili, umepewa lori zito lenye king'ora.

Nikarudi kwa yule kijana. Nilipomaliza kumjibu, wenzake wakiwa wameshaanza kuangalia saa, nilimwomba ashike ncha ya futi. Lango la ghala: mita 2.7. Bango la chuma lenye jina la kampuni juu ya lango: mita 3.2 kutoka ardhini. Gari la ngazi lina upana wa mita 2.5 kabla hujahesabu vioo, na kimo chake kinazidi mita 3.2.

"Kwa hiyo Afande, hata likija…"

"Hata boza letu hapa litakwaruza."

Meneja alitoka nje akaangalia bango kwa muda mrefu, kama analiona mara ya kwanza. Akasema litashushwa msimu wa korosho ukiisha, maana sasa malori yanaingia usiku na mchana. Nikamuuliza malori yanapitaje. Yanapita lango la nyuma, akasema, na ufunguo anao dereva.